Vinyweleo vya Ua la Usambara: Urundikaji wa Fokasi katika Picha za Mimea

Picha ya mmea inayopigwa kwa karibu sana hukabiliwa na tatizo ambalo hakuna lenzi inayoweza kuliondoa, hata iwe ghali namna gani: kadiri kitu kinavyokuzwa ndivyo sehemu yake inayoonekana kwa ukali inavyopungua, hadi ua zima linabakiwa na utepe mwembamba ulio wazi, huku kilicho mbele na kilicho nyuma ya utepe huo kikizama katika ukungu. Umbali kati ya sehemu ya karibu kabisa na ya mbali kabisa zinazoonekana kwa ukali unaokubalika ndio unaoitwa kina cha ukali. Mpiga picha wa harusi hufanya kazi akiwa na mita kadhaa za kina hicho, lakini anayepiga picha ya chavua ana sehemu tu ya milimita. Urundikaji wa fokasi ni njia ya kuuvuka mpaka huo: picha nyingi za kitu kilekile huchukuliwa kwa mfuatano, kila moja fokasi yake ikiwa imesogezwa mbele au nyuma kidogo, kisha programu ya kompyuta hutafuta katika kila picha zile sehemu zilizo kali na kuziunganisha ziwe picha moja. Kila moja ya picha hizo za mwanzo huitwa fremu, na mkusanyiko wake huitwa rundo. Katika uchambuzi huu njia hiyo inapimwa kwa mmea mmoja, ua la Usambara, kwa kuwa mmea huo una kitu ambacho mtaalamu wa mimea anakihitaji sana na ambacho urundikaji hukiharibu kwa urahisi kuliko kingine chochote, nacho ni vinyweleo vya jani lake.

Ua la Usambara lilipewa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha mwaka 1893 na Hermann Wendland, aliyekuwa akisimamia bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, baada ya kupokea mimea iliyotokana na ile aliyoipata Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga. Lakini Wendland hakuwa wa kwanza kuletewa mmea huo kutoka pwani ya Afrika Mashariki. John Kirk alikuwa ameukusanya mwaka 1884, na mwaka 1887 ukakusanywa tena na W. E. Taylor, mmisionari yuleyule ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka kwa methali alizozikusanya na kuzichapisha mwaka 1891. Vielelezo vyao vilifika Kew, Uingereza, lakini havikutosha kuandikia maelezo ya spishi mpya. Ni mmea mnene, wenye maji mengi, na unapobanwa kati ya karatasi ili ukauke, ua lake hupoteza umbo na vinyweleo vya jani hulala. Kilichokuwa kimesimama hulala bapa, na kinachobaki kwenye karatasi ya hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, ni kivuli cha mmea uliokuwa na urefu, upana na kimo.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika karne ya 20, pale B. L. Burtt wa bustani ya mimea ya Edinburgh alipoipanga jenasi hiyo katika machapisho ya mwaka 1958 na 1964. Miongoni mwa sifa alizozitegemea ili kutofautisha spishi moja na nyingine zilikuwa vinyweleo vya jani: kama ni virefu au vifupi, kama vimesimama wima au vimelala juu ya ngozi ya jani, na kama aina mbili zimechanganyika mahali pamoja. Baadaye spishi nyingi kati ya hizo zilishushwa zikawa nususpishi za ionantha, na mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya Streptocarpus, hatua iliyotokana zaidi na ushahidi wa vinasaba. Hata hivyo, mtu anayesimama msituni mbele ya mwamba wenye unyevu, bila maabara, bado anautambua mmea kwa macho na kwa lenzi ya mkononi, na vinyweleo havijaacha kuwa sehemu ya utambuzi huo. Picha inayotaka kuwa ushahidi wa kisayansi wa mmea huu haina budi kuvionyesha vinyweleo jinsi vilivyo.

Ugumu wa kuvionyesha unaweza kupigiwa hesabu. Ukuzaji katika upigaji picha wa karibu huelezwa kwa uwiano wa ukubwa wa taswira ndani ya kamera na ukubwa wa kitu chenyewe, hivyo ukuzaji wa 1:1 una maana kwamba petali yenye upana wa milimita 10 huchora taswira ya milimita 10 juu ya kihisi, yaani bamba linalopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Tundu la lenzi hupimwa kwa namba f, ambayo ni urefu wa fokasi wa lenzi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu, na kwa hiyo namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Kipimo cha tatu ni ukubwa wa doa la ukungu ambalo jicho bado linalihesabu kuwa nukta. Kwa kihisi chenye upana wa milimita 36, desturi imeliweka kwenye milimita 0.03. Kina cha ukali hukaribia mara mbili ya namba f, ikizidishwa kwa doa hilo na kwa ukuzaji ulioongezwa moja, kisha kugawanywa kwa kipeo cha pili cha ukuzaji. Katika ukuzaji wa 1:1 kwa f/8, hesabu hiyo inatoa milimita 0.96, na ukuzaji unapofika 2:1 inashuka hadi milimita 0.36. Isitoshe, doa la milimita 0.03 lilikubalika enzi za picha ya karatasi inayotazamwa kwa umbali wa mkono. Anayekuza picha kwenye skrini hadi aione pikseli moja moja atahitaji doa la nusu ya hapo au chini zaidi, na kina chake kitapungua kwa kiasi hichohicho.

Jibu la kwanza linalomjia mtu ni kulifinya tundu hadi f/16, f/22 au zaidi, maana tundu dogo huongeza kina. Hapo ndipo asili ya mwanga yenyewe inapoweka kizuizi. Mwanga ni wimbi, nao unapopita kwenye tundu dogo husambaa kutoka kwenye kingo zake, hivyo nukta moja ya kwenye mmea huchorwa kwenye kihisi kama duara dogo lililozungukwa na pete hafifu. Duara hilo lina jina la George Airy, mwanafalaki Mwingereza aliyelieleza kihisabati mwaka 1835, na kipenyo chake hukua sambamba na namba f. Upigaji wa karibu huongeza tatizo kwa sababu namba f inayofanya kazi kwa kweli ni ile iliyoandikwa kwenye lenzi ikizidishwa kwa ukuzaji ulioongezwa moja, hivyo f/16 katika 1:1 ni sawa na f/32. Kwa mwanga wa kijani, duara la f/32 lina kipenyo cha takriban milimita 0.043, ilhali pikseli ya kihisi cha kawaida cha pikseli milioni 24 ina upana wa milimita 0.006. Nukta moja inafunika pikseli saba kwa upana. Ukungu wa kutofokasi umepunguzwa, na mahali pake umekuja ukungu mwingine uliotanda picha nzima sawasawa, ambao hauwezi kuondolewa kikamilifu na programu yoyote. Kwa f/5.6 katika ukuzaji huohuo, duara hushuka hadi karibu milimita 0.015, na vinyweleo huanza kuonekana kimoja kimoja, ingawa ni katika tabaka jembamba tu. Urundikaji umejengwa juu ya biashara hiyo: ukali wa hali ya juu unanunuliwa kwa kukubali tabaka jembamba, kisha matabaka mengi yanapangwa moja juu ya jingine.

Kabla ya kompyuta watu walikuwa na njia zao za kulikwepa tatizo hili, na njia hizo zinafundisha mengi. Hebaria ililimaliza kwa kukiondoa kimo cha mmea. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefundisha sanaa mjini Berlin na ambaye kitabu chake cha picha za mimea kilitoka mwaka 1928, aliikuza mimea hadi mara 30 kwa kamera alizojiundia mwenyewe, na sehemu kubwa ya ustadi wake ilikuwa katika kuchagua na kuandaa: alipunguza majani yaliyochomoza mbele, akauweka mmea ubavu ukitazama kamera ili sehemu zake muhimu zilale katika bapa moja, akauzungushia mandhari tupu ya kijivu. Mimea yake inaonekana kama nguzo na vyuma vya kufuliwa kwa sababu, pamoja na jicho lake la kisanii, bapa lile jembamba la ukali lilimlazimisha atafute maumbo yanayojitosheleza ubavuni. Ua la Usambara halikubali kutendewa hivyo. Vifuko vyake viwili vya chavua, vya rangi ya manjano na vilivyoungana ncha, vinachomoza kuelekea kwa mtazamaji, kijiti kinachobeba stigma kinapinda kuelekea upande mmoja, kulia au kushoto, na petali ziko nyuma kabisa, hivyo likiwekwa ubavu hupoteza uso wake.

Aliyelimudu ua la namna hiyo ni mchoraji wa mimea. Mchoraji hutazama kifuko cha chavua akakichora, kisha huhamishia jicho kwenye stigma, kisha kwenye petali, na katika kila mtazamo jicho lake hujirekebisha fokasi, hadi mwishoni karatasi inabeba ua ambalo kila sehemu yake iko wazi ingawa hakuna aliyewahi kuliona hivyo kwa mtazamo mmoja. Kwa hiyo urundikaji wa fokasi una uhusiano wa karibu zaidi na mchoro wa kitaalamu kuliko na picha ya papo hapo, na anayeuelewa kwa namna hiyo hukwepa makosa mengi, ya kiufundi na ya kimaadili.

Kwa upande wa mashine, wazo lenyewe ni la zamani kuliko kamera za dijitali. Katika miaka ya 1960, Dan McLachlan nchini Marekani alieleza namna ya kumulika kielelezo kwa mwanga mwembamba kama karatasi, uliowekwa pale pale kwenye bapa la fokasi, kisha kukipandisha kielelezo polepole kupitia mwanga huo huku lenzi ikiwa wazi, ili kila sehemu iangaze na kuandikwa kwenye filamu inapokuwa kali tu. Mwaka 1983 walitokea watafiti walioonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuchagua sehemu kali katika mfuatano wa picha, na mwaka huohuo Peter Burt na Edward Adelson walichapisha mbinu ya kuigawa picha katika ngazi za uchanganuzi, kuanzia alama kubwa hadi alama ndogo kabisa, mbinu ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za kurundika. Tangu hapo mambo yameenda haraka: Photoshop ilipata uwezo huo mwaka 2008, programu maalumu kama Helicon Focus na Zerene Stacker zikajipatia watumiaji wa kudumu katika makumbusho na maabara, na kamera zenyewe zikaanza kuisogeza fokasi bila mkono wa mtu, za Olympus mwaka 2015 na Nikon D850 mwaka 2017.

Katika upigaji wenyewe, uamuzi wa kwanza unahusu kinachosogea. Fokasi inaweza kusogezwa kwa kuzungusha pete ya lenzi, iwe kwa mkono au kwa mota ya ndani, au kamera nzima inaweza kusogezwa juu ya reli yenye skrubu ya kupima. Reli inaonekana kuwa ya kitaalamu zaidi, na wengi huinunua mapema, lakini katika ukuzaji wa hadi 1:1 pete ya lenzi mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko reli, kwa sababu reli huhamisha pia mahali ambapo lenzi inautazamia mmea. Lenzi iliyo milimita 150 kutoka kwenye ua ikisogezwa milimita 12 inakuwa imesogea kwa asilimia 8 ya umbali huo, na vitu vya mbele hubadilika ukubwa dhidi ya vya nyuma kiasi cha kufichua upande mmoja na kuficha mwingine. Programu inaweza kusawazisha ukubwa wa picha nzima, lakini haiwezi kurekebisha kile kilichofunuliwa katika fremu moja na kufichwa katika nyingine. Ukuzaji unapopita 2:1, hasa lenzi za hadubini zinapofungwa kwenye kamera, hali hugeuka: lenzi hizo kwa kawaida hazina pete ya fokasi, hatua zinazotakiwa ni za sehemu ya mia ya milimita, na reli yenye mota inakuwa haiepukiki.

Uamuzi wa pili ni ukubwa wa hatua kutoka fremu moja hadi nyingine, na huu hauna budi kufanywa kwa hesabu. Matabaka yanatakiwa yapandane kwa robo hivi ya kina chake, yasije yakaacha mwanya. Ikichukuliwa kwamba kutoka ncha ya vifuko vya chavua hadi nyuma ya petali ni milimita 12, na kwamba kina kwa f/5.6 katika 1:1 ni milimita 0.67, hatua ya milimita 0.5 inahitaji fremu 25. Kwa kinyweleo hesabu ni nyingine. Lenzi ya hadubini ya ukuzaji wa mara 4, yenye uwezo wa kupokea mwanga ulioandikwa 0.10, ina kina cha takriban milimita 0.055, na hatua yake inayofaa ni milimita 0.04, hivyo kipande cha jani ambacho vinyweleo vyake na mabonde yake kwa pamoja vina kimo cha milimita 3 kitahitaji fremu 76. Kwa lenzi ya mara 10 yenye uwezo wa 0.25, kina hushuka chini ya milimita 0.009, na rundo la kipande hichohicho hufikia fremu 500. Mwanya mmoja ulioachwa katikati hujitokeza kwenye picha ya mwisho kama mkanda wa ukungu unaokata kinyweleo chini ya ncha, nao hauzibiki baadaye kwa sababu habari yake haikuwahi kuandikwa popote. Fremu zilizozidi hugharimu muda na nafasi ya kuhifadhia tu.

Muda, hata hivyo, si kitu kidogo kwa kiumbe hai. Mdudu aliyekaushwa na kuchomwa pini anaweza kuvumilia siku nzima mbele ya lenzi, na ndiyo maana Levon Biss, katika picha zake za wadudu wa makumbusho ya Oxford zilizoonyeshwa mwaka 2016, aliweza kutumia maelfu ya fremu kwa mdudu mmoja. Ua haliwezi hivyo. Shina lililokatwa huanza kulegea, petali hufunguka au kujikunja zikipata joto la taa, tone la maji linalopendeza katika fremu ya kwanza limeshapungua ifikapo fremu ya arobaini. Fremu 76 zinazopishana kwa sekunde 4 ni dakika 5, na katika dakika hizo mmea haupaswi kuhama hata kidogo, kwani hata katika 1:1 mwendo wa milimita 0.06, ambao jicho halitauona, unahamisha taswira kwa pikseli 10. Wapo wanaodhani taa ya fleshi inaondoa wasiwasi huu. Fleshi kweli hugandisha mwendo ndani ya fremu moja, maana mwako wake unaweza kuwa mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde, lakini haizuii ua kuwa mahali tofauti katika fremu inayofuata, na rundo la fremu kali ambazo hazilingani ni rundo lisilofaa. Kinachosaidia ni kukishika kikonyo kwa kibano karibu na ua, kuuacha mmea utulie baada ya kuwekwa, kutumia mwanga usio na joto, na kumaliza rundo lote kwa mfululizo bila kugusa kitu.

Kwa mmea wa Usambara kuna sababu nyingine ya kupiga picha pale ulipo, tena nzito kuliko zote. Aina nyingi za mmea huu porini zimebaki katika vipande vidogo vya msitu, baadhi zikitegemea miamba michache tu, na kukata ua au kung'oa shada ili kulipeleka mezani ni kuupunguza mmea ambao picha ilikusudiwa kuuhifadhi. Bahati njema ni kwamba mahali unapopenda kuota, kwenye uso wa mwamba uliofunikwa na kivuli cha miti, upepo mara nyingi huwa hafifu na majani hujilaza karibu na jiwe. Mwanga ndio haba, na hivyo fleshi ndogo iliyolainishwa kwa kitambaa cheupe inahitajika. Kulainisha huko ni muhimu kuliko kwa maua mengine, maana ngozi ya petali zake hurudisha mwanga kwa vimeto vidogo vidogo, na taa kali isiyolainishwa ikisogea pamoja na kamera juu ya reli, kila kimeto huhama kutoka fremu hadi fremu na kuacha safu ya nukta nyeupe katika picha ya mwisho. Taa ibaki imefungwa upande wa mmea, isifuate kamera.

Baada ya fremu kupatikana, programu huzilinganisha kwanza mahali na ukubwa, kisha huziunganisha kwa mojawapo ya njia kuu mbili. Njia ya kwanza hujenga ramani ya kina: kwa kila pikseli programu hujiuliza ni fremu ipi iliyo kali zaidi mahali hapo, ikaandika jibu moja, ikailainisha ramani ili kusiwe na mikwaruzo, kisha ikachukua rangi kutoka fremu iliyotajwa. Njia hii hutunza rangi na ulaini wa petali vizuri sana, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba kila mahali pana uso mmoja tu wenye kina kimoja. Vinyweleo vinavunja dhana hiyo. Pale kinyweleo kilichosimama kinapopita mbele ya kingine kilichoinama, na vyote viwili vikapita mbele ya ngozi ya jani, katika eneo la pikseli chache tu pana vina vitatu, na ramani iliyolainishwa huchagua kimoja na kuvipoteza viwili, au huchukua wastani wa vyote na kuonyesha kina ambacho hakina kitu chochote. Matokeo yake ni vinyweleo vilivyokatika kwenye makutano na ncha zinazoelea hewani bila mizizi.

Njia ya pili ni ile ya ngazi za uchanganuzi. Kila fremu hugawanywa katika alama kubwa, za kati na ndogo, programu ikachagua alama yenye nguvu zaidi katika kila ngazi kutoka rundo zima, kisha ikazijenga upya. Kwa kuwa haihitaji kuamua kina kimoja, njia hii huweza kukionyesha kinyweleo cha mbele na cha nyuma mahali pamoja, na kwa jani la ua la Usambara ndiyo ya kuanzia. Hasara yake ni kwamba programu haiwezi kutofautisha alama halisi na chembechembe za kelele za kihisi, hivyo fremu zikiwa nyingi huzikusanya kelele zote kana kwamba ni mchoro wa jani, utofauti wa weusi na weupe ukaongezeka, na rangi zikasogea mbali na zile za asili. Wafanyakazi wenye uzoefu hutengeneza picha mbili kutokana na rundo moja, petali wakazitoa kwenye ramani ya kina na vinyweleo kwenye ngazi, kisha wakaziunganisha kwa brashi. Kamera zinazorundika zenyewe humnyima mtumiaji uamuzi huo, na zile za Olympus za mwanzo zilikuwa zikiunganisha fremu 8 tu, idadi inayotosha kwa petali ya wazi na isiyokaribia mahitaji ya jani lenye vinyweleo.

Limebaki kosa moja ambalo watu huilaumu programu kwa ajili yake ilhali chanzo chake kiko kwenye lenzi, nalo ni utaji wa ukungu unaozunguka kitu cha mbele. Fokasi inapokuwa kwenye petali, vifuko vya chavua vilivyo mbele haviko wazi, na ukungu wao huvimba kupita ukubwa wao halisi na kuifunika petali iliyo pembeni. Fokasi inaporudi kwenye vifuko, vinapata kingo zake halisi, lakini sasa petali ndiyo iliyo ukunguni. Ule ukanda mwembamba unaozunguka vifuko haukuonekana wazi katika fremu hata moja, na programu hulazimika kuujaza kwa kilichopo. Tundu likiwa kubwa, utaji huwa mpana zaidi, na ndiyo sababu f/8 inaweza kutoa picha bora kuliko f/4 pale ambapo vitu vya mbele viko mbali na vya nyuma, ijapokuwa kila fremu peke yake ina ukali pungufu kidogo. Hapa pia kugeuza kamera kwa nyuzi chache, ili vifuko visiwe mbele ya ukingo wa petali, hufaa kuliko saa nzima ya kurekebisha.

Marekebisho ya brashi yanafungua suala la uaminifu. Kuna wanaoihesabu picha iliyorundikwa kuwa ya udanganyifu kwa kuwa hakuna lenzi iliyoiona, na kuna wanaoiona kuwa kweli tupu kwa kuwa kila pikseli ilitoka kwenye kamera. Madai yote mawili yanapita pembeni. Picha ya aina hii ni mchoro uliochorwa kwa vipande vya picha, na kama mchoro wowote wa kitaalamu inapaswa kupimwa kwa swali la kama kila kilichomo kinaweza kuthibitishwa. Anayechukua ncha ya kinyweleo kutoka fremu ya 60 na kuirudisha mahali programu ilipoikata amefanya kazi halali, kwa sababu ncha hiyo ipo katika fremu. Anayeinakili kutoka kinyweleo cha jirani ili pengo lisionekane ametunga, na akiyafanya hayo katika picha itakayowekwa karibu na jina la spishi amemlaghai kila atakayeitumia baada yake, hata kama picha ilipendeza. Kwa hiyo fremu za mwanzo zihifadhiwe pamoja na picha iliyokamilika, na maelezo yake yataje ukuzaji, namba f, idadi ya fremu, ukubwa wa hatua na njia ya kuunganisha. Kwa vielelezo vya eneo ambalo orodha yake kuu ya mimea, Flora of Tropical East Africa, ilichukua miaka 60, kutoka 1952 hadi 2012, kukamilisha zaidi ya spishi 12,000, nafasi ya diski kwa fremu hizo ni gharama ndogo.

Uhifadhi huo una faida ambayo picha iliyounganishwa haiwezi kuitoa. Hatua ya reli ikijulikana, kila fremu inakuwa kipimo cha kimo. Ikiwa shina la kinyweleo, pale linapotoka kwenye ngozi ya jani, linaonekana kali katika fremu ya 12 na ncha yake katika fremu ya 64, na kila hatua ni milimita 0.04, kinyweleo hicho kina kimo cha milimita 2.08 bila jani kukatwa, kubanwa wala kukaushwa. Kinyweleo kifupi kilicho pembeni yake, kikiwa kikali kuanzia fremu ya 12 hadi ya 19, kina milimita 0.28. Aina mbili za vinyweleo ambazo Burtt alizitafuta juu ya majani ili kuitenganisha spishi moja na nyingine zinaweza kuhesabiwa hivyo, kimoja baada ya kingine, kwenye mmea unaoendelea kuota juu ya mwamba wake.